Ukungu Kwenye Alizeti

Kimamba,
3 Machi 2025

Mume wangu Goodhope,

Shikamoo uliyomtuma nayo Anselmi nimeipokea, marahaba. Mimi mkeo sijambo. Magoti ni yale yale, asubuhi yananigomea, mchana yanakubali. Wewe hujambo? Wageni wenu hapo kambini hawajambo? Na simba je, bado mnasikilizana?

Naandika kwa sababu simu siiwezi, masikio yangu na simu hayaivi chungu kimoja. Na wewe nasikia mpaka upande juu ya tangi la maji ndipo upate mtandao. Heri huyu Anselmi. Anakuja Jumanne na Ijumaa kuchukua mboga na mchele wa kambi yenu, anaondoka na barua, hana neno.

Sasa nisikilize. Kompyuta yako imekufa. Siyo mimi niliyeiua, nakuapia. Juzi nimemaliza kuvuna mahindi kwenye gemu, nimeliegesha trekta langu jekundu getini kama ulivyonifundisha, pembeni ya lako la kijani. Mara kompyuta ikaleta kiduara kinazunguka, na asilimia. Ilipofika thelathini na nane, umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha. Loh! Picha zimekuwa kubwa kama matofali, na nikifungua gemu kioo kinakuwa cheusi tii. Feni inavuma, taa zinawaka, picha hakuna.

Miaka thelathini nimelala na fundi wa korona, ule mtambo wa kuchakata mkonge. Mashine ya mkonge ikigoma, babu yako alikuwa anaegemeza bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anasikiliza. Na mimi nimefanya hivyo hivyo. Inavuma vizuri, haikwaruzi popote. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye vyuma, uko kichwani mwake.

Goodhope, nataka shamba langu. Lile la kweli kule Mvumi magoti yamenikataza, na hili la kwenye kompyuta nalo nikatazwe? Alizeti imebakiza siku mbili ichanue. Nieleze cha kufanya, taratibu, kama unamweleza mtu mwenye akili zake ila ni mzee.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Mikumi,
6 Machi 2025

Mke wangu wa kwanza, Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, gereji ndiyo inanimaliza. Jana tumevuta gari la wageni kwenye matope nusu siku, tembo wamesimama pembeni wanatuangalia kama tumewalipisha kiingilio. Pole na magoti. Pole zaidi na hofu.

Kompyuta haijafa. Kilichoharibika ni draiva ya kadi ya picha. Unakumbuka ulivyonisimulia yule meneja Mgiriki wa shamba la mkonge na mkalimani wake? Meneja akisema, mkalimani anawaeleza watu, kazi inakwenda. Basi kompyuta ndiye meneja, kadi ya picha ndio watu wa kazi, na draiva ndiye mkalimani. Siku ile kompyuta ilikuwa inabadilisha mkalimani. Wa zamani ameshafukuzwa, mpya hajamaliza kuingia mlangoni, umeme ukakatika. Sasa meneja anafoka na hakuna anayemwelewa.

Anselmi ana flashi nyekundu, imo mkalimani wa zamani, yule mpole. Fanya hivi, na usiruke hata hatua moja. Chomoa kwanza waya wa intaneti, kompyuta isije ikajiletea mwingine. Halafu shika kitufe cha Shift, usikiachie, huku unabofya Restart. Utaletewa ukurasa wa bluu. Chagua Troubleshoot, ingia ndani mpaka ukute Startup Settings, kisha ibonyeze namba 4. Itawaka imeandikwa Safe Mode kwenye pembe zote nne na picha zitakuwa mbaya. Usiogope, hapo inaumwa lakini imekubali kulala kitandani. Fungua Device Manager, tafuta jina la kadi ya picha chini ya Display adapters, uiondolee draiva. Ikikuuliza kama una uhakika, iambie unao. Mwisho chomeka flashi, bofya mara mbili faili nililoliita BIBI, kaa pembeni, usiguse kitu mpaka imalize.

Fanya asubuhi, na mawingu yakitanda acha. Umeme wa huko nyumbani naujua tabia.

Ukikwama mahali, andika maneno yote yaliyotokea kwenye kioo, hata usiyoyaelewa. Hasa usiyoyaelewa.

Mumeo,
Goodhope


Kimamba,
10 Machi 2025

Mume wangu fundi,

IMEWAKA!

Salamu baadaye. Imewaka, Goodhope! Kidole changu kilichoka kushika Shift nikamwita Doto jirani aje anishikie, akaniuliza kama nimepagawa. Tulipofika kwenye ule ukurasa wa bluu akataka kukimbia. Nikamwambia kaa hapo mwanamke, tunafukuza mkalimani. Nilibonyeza namba 4 nikasali Salamu Maria moja, na faili la BIBI nilipoliona jina langu limeandikwa pale nilicheka mwenyewe.

Tukakaa na Doto, yeye anamenya karanga, mimi nalima, mpaka alizeti ikachanua. Uwanda mzima wa njano. Doto anasema mbona kwenye shamba hili hakuna nyani wala kunguru. Nikamwambia ndiyo maana nalipenda.

Haya, mashine imepona. Sasa tuandikiane na mambo mengine. Unakula nini huko? Unalala kwenye chandarua? Una mchumba? Mke mwenzangu ana sura gani, nijue najiandaa kugombana na mtu wa namna gani? Niandikie yote, nina muda wa kusoma.

Mkeo mwenye furaha,
Bibi Anastazia


Kimamba,
14 Aprili 2025

Mume wangu Goodhope,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Barua yangu ya mwezi wa tatu uliipata? Anselmi anaapa alikupa mkononi. Nimemwambia simwamini, kanionyesha na mkono wa shati lake ulipomshika, eti kidole chako kiliacha grisi.

Huku mvua ni nyingi. Mto Mkondoa umejaa lakini kwetu haujafika. Ng'ombe wetu wa kwenye gemu amezaa ndama wawili, sijawapa majina, nakungojea wewe. Kompyuta haina tatizo.

Nijibu, hata mistari miwili.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Kimamba,
19 Mei 2025

Goodhope,

Mimi mzima. Kompyuta nzima. Doto anakusalimu.

Sina la ziada.

Bibi


Kimamba,
9 Juni 2025

Mume wangu Goodhope,

Habari za siku nyingi? Kompyuta inaumwa tena.

Safari hii siyo giza, ni ukungu. Nawasha, picha zinakuja, trekta linatembea, lakini kila kitu kimefunikwa kama natazama kupitia chandarua. Nyeupe siyo nyeupe tena, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Alizeti yangu imefifia, sijui kama imekauka au imechanua. Na taa za trekta nikiziwasha zinafanya miduara mikubwa, inaniumiza.

Mwite mkalimani wako, amelewa.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Mikumi,
10 Juni 2025

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zilinizidi. Barua yako Anselmi kaniletea leo saa tisa na sasa hivi najibu, hata mikono sijanawa.

Hiyo ni draiva, sina shaka. Nadhani umerudisha waya wa intaneti na kompyuta ikajisasisha yenyewe kwa siri. Rangi zikififia na taa zikitoa miduara, mara nyingi ni mpangilio wa rangi umevurugwa. Rudia kila kitu cha mwezi wa tatu, flashi nyekundu si unayo? Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya gemu, kuna mahali pa ukungu na mahali pa mwanga wa taa, vyote zima. Halafu chomoa ule waya mnene unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kioo, upulize, uurudishe, ukaze skrubu zake mbili. Na kitambaa ulichofuma ukaifunika nacho kompyuta, kitoe. Najua ni kizuri, Bibi, lakini mashine inapumulia juu.

Niandikie kila kinachotokea. Hili tutalipata tu, wewe na mimi.

Mumeo,
Goodhope


Kimamba,
16 Juni 2025

Mume wangu,

Hujambo? Sijambo. Nimefurahi kuona barua yako mapema hivi, Doto kaona nimefurahi mpaka kauliza kuna harusi gani.

Nimefanya yote. Mkalimani nimemfukuza na kumrudisha. Ukungu wa kwenye gemu nimeuzima, wa kwangu umebaki. Waya nimeupuliza. Kitambaa nimekitoa ingawa moyo umeniuma, sasa kompyuta iko uchi katikati ya sebule kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni.

Hakuna kilichobadilika. Asubuhi dirisha likiwa wazi, jua likiingia, ndiyo mbaya zaidi. Jioni ina nafuu kidogo.

Jambo lingine, andika herufi kubwa zaidi. Mwandiko wako umekuwa mdogo kama wa daktari.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Mikumi,
17 Juni 2025

Mke wangu Bibi,

SHIKAMOO. HERUFI HIZI ZINATOSHA? Nitapunguza kidogo, karatasi ya kambi wataniuliza.

Nimefikiria jambo lako mchana kutwa nikiwa chini ya gari. Lazima tujue ugonjwa uko wapi, kwenye kadi ya picha au kwenye kioo. Fungua gemu, nenda kwenye alizeti pale penye ukungu kabisa, ubonyeze kitufe kilichoandikwa PrtSc, juu kulia. Gemu yetu inahifadhi picha yenyewe. Ichukue, iweke kwenye flashi, mpe Anselmi. Picha hiyo inapigwa ndani, kabla haijafika kwenye kioo. Ikija na ukungu, kadi au draiva ndiyo mwizi. Ikija safi, basi kadi haina hatia, mwizi yuko mbele.

Usijali. Sitakuacha na shamba lenye ukungu.

Mumeo,
Goodhope


Mikumi,
24 Juni 2025

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Flashi imefika. Nimeifungua kwenye kompyuta ya ofisini, picha ni safi, Bibi! Alizeti naihesabu mche kwa mche. Ndama nimewaona, na trekta langu liko pale pale nilipoliacha Krismasi.

Kwa hiyo draiva nzima, kadi nzima. Nimewasingizia watu wa watu. Mwizi ni kioo, kimezeeka. Nimeomba kioo kingine hapa stoo, hakitumiki, meneja kakubali. Anselmi anakileta Ijumaa, amekizungushia magunia ya vitunguu kisigonge. Atakichomeka mwenyewe, wewe elekeza tu.

Mumeo,
Goodhope


Kimamba,
30 Juni 2025

Mume wangu,

Hujambo? Kioo kimefika, kikubwa, kinanukia vitunguu. Ahsante.

Na chenyewe kina ukungu.

Labda ni umeme wa huku. Niambie tujaribu nini tena. Nangoja barua yako.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Mikumi,
4 Julai 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sitaki utani mwanzoni, nivumilie.

Jumanne niliposoma barua yako nilikaa chini. Picha safi. Kioo cha kwanza kina ukungu, cha pili kina ukungu ule ule. Waya umekazwa. Gereji tunafundishwa, ukibadilisha kila kitu na kelele haijaisha, angalia ambacho hukubadilisha.

Kwa hiyo leo nilimtuma Anselmi kwa makusudi. Nilimwambia akae kwenye kiti chako, afungue gemu, anisomee namba ndogo ya mafuta ya trekta kule pembeni chini. Kasoma. Lita arobaini na moja. Kasema picha ni safi kabisa, hata vumbi la matairi linaonekana. Halafu nikawa nimemwagiza akuulize leo tarehe ngapi, kwenye kalenda ya parokia ukutani. Kaniambia ulisimama karibu mpaka pua ikagusa karatasi, ukamjibu kalenda ya mwaka huu imechapwa vibaya.

Bibi, kompyuta haina kitu. Ni macho. Miduara kwenye taa, nyeupe kuwa rangi ya chai, jua kuumiza, herufi zangu kuwa ndogo. Barua zako zote ninazo hapa, nimezitandika kitandani. Mwezi wa tatu mistari yako imenyooka. Mwezi wa sita inapanda kilima na kushuka. Niliiona, nikadhani unaandikia mapajani.

Hapa yupo mama mmoja wa jikoni, Happiness, anasema mama yake mzazi alikuwa hivyo hivyo, ukungu na miduara. Ulikuwa mtoto wa jicho. Walimtoa, siku hiyo hiyo akarudi nyumbani, leo anachambua mchele. Mwezi wa nane madaktari wa macho wanakuja Kilosa. Twende, tafadhali.

Mjukuu wako,
Goodhope


Mikumi,
17 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Gari limekuja kwako mara tatu na mara tatu limerudi bila barua. Anselmi anasema unampokea, unampa chai, unamwuliza habari za watoto, akitaja jina langu unakwenda kukagua kuku. Bibi, huna kuku.

Kama nimekukosea kwa kumtuma mtu akupime kwa siri, nisamehe. Ulikuwa utovu wa adabu. Lakini nafanya kazi nimeshika spana, mawazo yangu yako Kimamba. Juzi nimefunga gurudumu kwa nati tatu tu, kiongozi wa gereji kanifukuza nikalale.

Nakuomba uende ukaonwe. Nijibu hata mistari miwili.

Mjukuu wako,
Goodhope


Kimamba,
21 Julai 2025

Mume wangu Goodhope,

Sijambo. Wewe hujambo? Usifunge magurudumu ya watu nati tatu.

Kaa chini nikuambie. Nilijua.

Tangu Pasaka sindano ilikuwa inaukataa uzi. Nikamsingizia uzi. Halafu sura ya Doto ikaingia ukungu, kalenda ikaingia ukungu, wali ukaingia ukungu nikala na kokoto. Siku ile ya Juni nilipokuandikia kompyuta inaumwa, nilikuwa najua kabisa nani anaumwa. Sikukudanganya kuhusu ukungu, ukungu ulikuwepo na bado upo. Nilichofanya ni kuuhamishia kwenye kompyuta.

Unataka kujua kwa nini? Machi mashine ilipoharibika ulinijibu siku ya tatu. Kurasa mbili, mbele na nyuma. Ilipopona nikakuuliza unakula nini, ukanyamaza. Nikakuambia ng'ombe amezaa, ukanyamaza. Nikakuandikia mimi mzima kompyuta nzima, ukanyamaza kabisa. Miezi mitatu, Goodhope! Kila Jumanne nasimama mlangoni, Anselmi anashuka mikono mitupu, anaona aibu kama yeye ndiye aliyekuzaa. Nikakaa nikafikiri, nikasema mwanamume huyu anapenda kibovu. Basi nikampa kibovu. Na ulinijibu siku ile ile, hata mikono hujanawa!

Nilikuwa nasoma zile barua zako za waya na rangi kwa shida, nazisogeza, naziondoa, nusu saa kwa ukurasa, na nilikuwa nafurahi kama mjinga. Ulivyoandika "wewe na mimi" nililia. Nikasema akilipata kosa, tutanyamaziana tena.

Ndiyo maana nilikasirika. Sikukasirika kwa kumtuma Anselmi. Nilikasirika kwa sababu ulilipata.

Sasa hilo la Kilosa. Naogopa. Babu yako alikwenda hospitali ana macho mawili, akarudi amefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu tena. Lakini nimeulizana na Doto, na Doto amesema nikikataa atakuja kunisomea barua zako yeye, kwa sauti, uani, watu wote wasikie. Basi nitakwenda.

Ila nina sharti. Siku ya kisu usije. Naujua moyo wako, utaacha kazi utakuja mbio, utanishika mkono, utaniuliza inauma wapi. Sitaki. Siku hiyo nitakuwa kibovu kama kompyuta, na utakuwa umekuja kutengeneza. Doto atanipeleka. Wewe nataka uje nikiwa mzima, siku ambayo hakuna cha kukaza wala cha kupuliza. Kama huwezi kuja siku hiyo, basi nitajua.

Mkeo,
Bibi Anastazia


Mikumi,
22 Julai 2025

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilisoma nimesimama, nikaenda nyuma ya gereji.

Sina utetezi, lakini nitakuambia ukweli. Barua zako zote tatu nilizipata. Ya Machi ninayo chini ya mto. Kila Jumapili nilichukua kalamu, nikaandika shikamoo, halafu sijui kinachofuata. Niandike nimekula ugali na maharage? Niandike nimelala? Naona aibu, naona ni maneno ya bure, nasema nitaandika wiki ijayo nikiwa na jambo la maana. Mtu akiniletea kitu kilichoharibika najua pa kushika. Kitu kizima nikikaa nacho mikono inanisumbua. Nilidhani unajua kwamba nakupenda, kwa hiyo hakuna haja ya kukusumbua nalo. Ni ujinga, naona sasa.

Kuhusu babu. Wewe mwenyewe ulinisimulia, mwiba wa mkonge ulimchoma jicho mwezi wa tatu, akaenda hospitali mwezi wa nane, kwa sababu korona haikuwa na fundi mwingine. Alichelewa, Bibi. Na lake lilikuwa jeraha, lako siyo jeraha. Usichelewe kama yeye.

Sharti nimelikubali. Litaniua lakini nimelikubali. Anselmi atakupitia wewe na Doto siku hiyo, amesema mboga za kambi zitasubiri. Mimi nitakaa hapa nikifunga nati zote.

Nimekula ugali na maharage. Nalala kwenye chandarua, kina tundu moja, nimelishona mwenyewe. Mchumba sina.

Mumeo,
Goodhope


Kimamba,
1 Septemba 2025

Mume wangu Goodhope,

Hujambo? Mimi mkeo sijambo, na leo nasema sijambo nikimaanisha.

Kambi ya macho nilishaisimulia kwa mdomo wa Anselmi, sirudii. Jicho la kulia mtoto wake ametolewa, la kushoto watalitazama mwakani. Wiki ya kwanza nilitembea na ngao ya plastiki, Doto ananiita rubani. Sasa nimepewa na miwani ya kusomea.

Nimeona mambo! Kile kitambaa changu, tangu Pasaka nakifua nakisugua nikidhani hakitakati, kumbe cheupe kama maziwa. Nimemwona Doto amezeeka, nikamwambia, kaninunia siku mbili. Nimezisoma barua zako zote upya, nimekuta mwandiko wako haujawahi kuwa mdogo. Unaandika kama mtoto wa darasa la tatu.

Jana nikawasha kompyuta. Goodhope, alizeti! Nilikuwa nimesahau njano inavyokuwa. Nilishuka kwenye trekta nikatembea kwa miguu katikati ya mashamba, kwenye gemu magoti hayaumi, nimekwenda mpaka kwa wale ndama. Bado hawana majina. Trekta lako la kijani liko getini. Sijaligusa, nimelizunguka tu.

Sasa soma vizuri hapa. Kompyuta nzima. Mkalimani ni yule yule wa flashi nyekundu, hana kosa. Waya umekazwa, kioo safi. Jicho zima. Magoti usiyahesabu, hayo ni ya umri. Umeme haujakatika wiki mbili. Nimekaa na kalamu asubuhi yote nikitafuta kitu kilichoharibika humu ndani cha kukuandikia, nimekikosa.

Barua hii haina kibovu hata kimoja. Naipeleka hivyo hivyo.

Mkeo mzima,
Bibi Anastazia


Kimamba,
5 Septemba 2025

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Ndiyo, juu nimeandika Kimamba, hujakosea kusoma. Barua hii sikumpa Anselmi. Tumekuja nayo wote, mimi na yeye na matenga matupu ya nyanya, na nimekupa mkononi. Ukashika miwani kwanza kabla ya kunisalimu, nami nilijua utafanya hivyo.

Nimeomba siku saba. Meneja aliniuliza nyumbani kuna tatizo gani. Nikamwambia hakuna. Aliniangalia sana, lakini alisaini.

Sikubeba bisibisi. Flashi sikubeba. Nimebeba majina mawili ya ndama, na njaa.

Nimeandika herufi ndogo makusudi, nione utafika wapi. Unasoma, nami nimekaa hapa kwenye stuli nakutazama midomo inavyokwenda. Ukifika mwisho wa mstari huu, inua macho.

Mumeo,
Goodhope